Mabosi wa benki hawataki kutoa pesa ya apu? Anza na foleni

Kama umewahi kusimama kwenye benki yoyote ya Busia, huku kwetu Uganda mpakani na Kenya, ile wiki ya Februari shule zinapofungua basi hii mada unaijua tayari. Foleni inaanzia kaunta, inazunguka zile kamba, inatoka nje mpaka kwa afande wa mlangoni, akina mama wameshika slipu na hela zimefungwa kwenye leso, mtoto analia, keshia mmoja ameenda lonchi, na yule jamaa aliyesimama saa nzima akifika dirishani anauliza tu kama mshahara umeingia. Haujaingia. Sekunde kumi na tano, anaondoka, anayefuata.

Mi nilikaa upande wa pili wa kile kioo miaka sita alafu wakanihamishia Kampala kwenye kitengo cha huduma za simu, na siku hizi vijana wa matawi na wa SACCO wananipigia wakiuliza swali lile lile, tunawashawishi vipi wakubwa waweke pesa kwenye apu ya wateja, na wakishatoa tunafanyaje isije ikawa apu ya mapambo. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka kwa hiyo chukueni yote mara moja.

Kosa la karibu kila mtu ni kuingia ofisi ya meneja na laptopu yenye picha za skrini nzuri nzuri za rangi ya benki. Meneja anaangalia anasema safi sana kijana, anauliza bei, anasikia bei, na mada inaishia hapo mpaka mwaka mwingine. We usiende na picha. Nunua kaunta buku, ile kubwa ya kwaya nne, kaa karibu na meza ya kastama kea wiki mbili, moja ya katikati ya mwezi na moja ya mwisho wa mwezi, chora mistari mitatu: kilichomleta mteja, ametoka wapi, ana simu ya aina gani. Kila anayeingia mwandike. Usimuulize "ungependa apu" maana atakujibu ndio ili akufurahishe, watu wetu wana adabu sana kwenye hilo, muulize tu leo umekuja kufanya nini mama, umetoka wapi, simu yako ni ya aina gani.

Utashangaa. Mi nilifikiri nusu ya watu wanakuja kutoa hela, kumbe kwenye buku langu kurasa na kurasa zilikuwa za kuuliza salio, kuuliza kama hela imeingia, kulipa fizi ya shule, kulipa kodi ya serikali kule URA na ile namba yao ya malipo ya PRN, kuomba steitimenti ya miezi sita kwa ajili ya mkopo au viza, kuhamisha hela kutoka akaunti kwenda kwenye simu, na kufunga kadi iliyopotea. Hakuna hata moja hapo inayohitaji kaunta, zote zinahitaji mtu kujua kitu au kuhamisha kitu kutoka sehemu moja ya kompyuta kwenda nyingine. Noti hazijaguswa kabisa.

Kuna mama mmoja nilimwandika mara tatu kwenye wiki moja. Anauza mukene, ile dagaa yetu, anatoka Majanji huko ziwani, anapanda boda mpaka mjini, anakaa kwenye benchi, akifika kwangu anasema mwanangu niangalizie kama zile za Nairobi zimeingia. Jumatatu nikamwambia bado mama. Akasema asante, akasimama, akapanda boda akarudi. Jumatano bado. Ijumaa ikawa imeingia, akatoa nusu, akaondoka na ile nusu kwenye mkoba barabara yote ile mpaka ziwani. Sasa hebu piga hesabu ya nauli sita za boda, na hesabu ya hatari ya ule mkoba, na siku tatu ambazo hakukaa kwenye biashara yake, yote kwa ajili ya jibu la ndio au hapana. Na alikuwa na smatifoni jamani! Itel, kioo kimepasuka kona, anaitumia kwa WhatsApp kutuma picha za mzigo kwa wateja wake wa Kenya.

Huyo mama ndio apu yako. Ukienda kwa wakubwa nenda na ukurasa wake, jina usiandike, andika tu "mfanyabiashara wa samaki, Majanji, mara tatu".

Alafu geuza buku kuwa lugha ya wakubwa, yaani pesa. Hapa usitunge namba, tumia za kwako ulizohesabu. Tuseme umehesabu watu 40 kwa siku waliokuja kuuliza salio tu, na kila mmoja anachukua dakika 5 za keshia ukijumlisha salamu, kitambulisho na kusubiri sistemu ifunguke, hizo ni dakika 200, zaidi ya saa tatu, karibu nusu ya siku ya mtu mmoja unayemlipa mshahara, NSSF na bima. Zidisha kwa siku za kazi, zidisha kwa matawi. Hiyo ndio bei ya kutokuwa na apu, na inalipwa kila mwezi hata kama hakuna mtu anaiandika mahali popote. Mkubwa wa fedha akiona hivyo anavua miwani, nimeona kwa macho.

Hoja ya pili ndio nzito zaidi. MTN walileta Mobile Money hapa Uganda mwaka 2009, na benki nyingi wakati ule ziliona ni kamchezo ka kutumia bibi kijijini hela ya sukari. Leo mtu analipwa kwa simu, analipa umeme wa Yaka kwa simu, anakopa kwa simu, na MoKash imekuja tangu 2016 mtu anaweka akiba na kukopa bila kuona mlango wa benki hata kwa mbali. Na jambo ambalo watu hawalijui, zile hela za kwenye simu mwisho wa siku ziko benki, kila shilingi unayoiona kwenye laini yako lazima iwe na mwenzake imelala kwenye akaunti ya amana, sheria ya mifumo ya malipo ya 2020 inataka hivyo. Kwa hiyo benki inazo zile hela, inachokosa ni mteja. Haijui anaitwa nani, ananunua nini, anakopesheka au hakopesheki. Imebaki kuwa sanduku la kampuni ya simu. Mwambie bosi wako hivyo, neno sanduku linawauma.

Na hapo hapo kuna upenyo ambao sioni watu wakiutumia vya kutosha. Julai 2018 serikali ilileta kodi ya pesa za simu, ilianza asilimia 1, watu wakapiga kelele ikashushwa mpaka nusu asilimia kwenye kutoa. Ukitoa milioni moja kwenye simu hiyo ni shilingi 5,000 ya kodi peke yake, ada ya mtandao bado. Hela iliyoko kwenye akaunti ya benki haina hiyo kodi ukiitoa, na ukiilipa moja kwa moja kutoka kwenye apu kwenda shuleni kwa ile namba ya mwanafunzi ya kulipia fizi ya SchoolPay haijatoka kwa ejenti wa simu kabisa. Mzazi mwenye watoto wanne bodingi anaelewa hiyo hesabu haraka kuliko afisa masoko wako.

Sasa utajibiwa, watu wetu hawana smatifoni. Utajibiwa hivyo kila kikao, jiandae. Usibishane, fungua buku ule mstari wa tatu wa aina ya simu. Kama buku lako linasema wengi wana katochi, kale kasimu kadogo ka vitufe, basi mkubwa yuko sahihi na we kaanze na menyu ya nyota (USSD), hakuna aibu, *165# ya MTN na *185# ya Airtel zimejenga nchi hii. Lakini mijini na mipakani utakuta Tecno, Itel na Infinix kila mkono, na hata nyumba yenye katochi kwa mama ina smatifoni kwa mtoto wa sekondari. Apu haiji kuua nyota. Mwenye smatifoni akihamia kwenye apu, foleni inabaki ya mwenye katochi na ya mzee asiyeona vizuri, na hao sasa wanahudumiwa kwa heshima. PostBank (siku hizi inaitwa Pearl Bank) na Wendi, pochi yao ya kwenye simu, wamefanya vizuri kwenye hili, hela za PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, zinapita humo mpaka kwa mkulima wa parishi, na mkulima hajaambiwa kwanza akanunue simu ya bei.

Haya, tuseme wamekubali, bajeti imetoka. Sasa ndio usilale maana apu mbovu ni mbaya kuliko kukosa apu.

Uzito kwanza. Simu ya mteja wako ina nafasi ndogo na imejaa video za harusi na mahubiri ya WhatsApp. Apu ikija na mzigo mkubwa ataifuta siku ya kwanza anapotaka kupiga picha kwenye arusi ya binamu yake. Wabane madevelopa, waambie kila picha ya watu wanaocheka kwenye skrini ya kwanza itoke (kwanini kila apu ya benki ina watu wanaocheka kwenye kompyuta ya mezani mimi sijui). Na data inauma: 2018 tuliwekewa ile kodi ya OTT, ya kutumia mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, 2021 ikaondolewa ikaja asilimia 12 kwenye bando lenyewe, kwa hiyo kila MB apu yako inakula mteja ameilipia na kodi juu. Kuangalia salio kusile data kama kuangalia muziki. Nunua Itel ya bei ya chini kabisa pale William Street, ijaze mapicha, weka laini yenye bando la siku linaloelekea kuisha, panda teksi ya kwenda Mukono, na ujaribu apu ukiwa kwenye jam ya Kireka. Ikifanya kazi hapo itafanya kazi Koboko. Madevelopa wanajaribu kwenye simu zao za bei ofisini kwenye waifai alafu wanashangaa malalamiko yanatoka wapi.

Netiwaki kukatika katikati ya muamala, hapa ntakaa kidogo kwa sababu imeniuma mwenyewe. Mwaka fulani nililipa fizi ya mtoto 350,000 kwa apu ya benki moja ambayo jina sitaji, nikabonyeza lipa, kale kaduara kakazunguka, kakazunguka, kakaganda. Hakuna meseji. Nikasubiri kama dakika mbili nikabonyeza tena, na we ungebonyeza. Jioni napata meseji mbili, imekatwa mara mbili. Shule inasema imepata moja, benki inasema imetuma mbili, kampuni ya katikati haipokei simu, siku tisa ndio hela ikarudi, na hizo siku tisa zilikuwa zile za mwisho wa mwezi. Kutoka siku hiyo sikulipa fizi kwa ile apu tena, nilirudi kupanga foleni kama kila mtu, mimi mtu wa kitengo cha huduma za simu!

Dawa yake ipo na sio ya ajabu. Mteja akifungua ukurasa wa kulipa, apu inaupa ule muamala namba yake pale pale kabla hajabonyeza chochote, na sava ikiona namba ile ile imekuja mara ya pili haikati tena, inajibu tu "hii nishaipokea". Abonyeze mara kumi, inakatwa moja. Waulize madevelopa wako hilo swali kikao cha kwanza, tukibonyeza mara mbili inakuwaje, na kama wanaangaliana usoni kabla ya kujibu, jua hawajafikiria. Na kale kaduara kaondoke. Badala yake yawepo maneno: "Tumepokea, inasubiri jibu la shule, usilipe tena." Maneno hayo matatu manne yanaokoa simu mia za kastama kea, na mtu akifunga apu akafungua kesho akute ule muamala bado pale na hali yake imeandikwa.

Na uwe na jibu la siku intaneti inapozimwa. Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, apu zote zikawa picha tu. Kwa hiyo usimruhusu mtu yeyote aandike kwenye ripoti kwamba apu ikija tutafunga matawi. Mawakala wa benki walioruhusiwa na mabadiliko ya sheria ya 2016 wabaki, kaunta ibaki, nyota ibaki.

Lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu katiba irekebishwe 2005, na mipakani na sokoni ndio kinachofanya biashara, Busia, Malaba, Arua, Mpondwe, lakini bajeti ya apu ikipangwa tafsiri inawekwa mwisho kabisa na anapewa mtu aliyeko karibu. Mi nimeona apu ya majaribio ambayo kitufe cha kuweka akiba kiliandikwa "Okoa". Hajati mmoja aliyekuja kujaribu akacheka akasema mwanangu mi Mwislamu hii naiachia walokole. Tukabadilisha ikawa "Weka akiba". Kuwa na Kiganda, Kiswahili, Runyankole, Acholi, Lugbara, kutegemea matawi yako yako wapi, na kila neno mpe keshia wa tawi husika alisome, sio profesa, keshia, kwa sababu yeye anajua mteja anasema "niangalizie salio" na sio "tazama mizani ya akaunti". Usishangae, hiyo mizani niliiona na macho yangu. Na maneno yawe mafupi, Salio, Tuma, Lipa, Weka akiba, Nisaidie, hayo matano yakikaa skrini ya kwanza mtu hahitaji mafunzo, mengine yote ya mikopo na bima na matangazo yakae ndani huko.

Usalama ndio watu wataogopa na wana haki ya kuogopa. Bafere wetu, yaani matapeli, hawavunji sava, wanavunja mtu. Wanapiga simu, mzee mi natoka benki, akaunti yako inafungwa leo, nisomee zile tarakimu zimeingia kwenye simu yako. Au wanakwenda kubadilisha laini yako kwa jina lako, usiku mmoja simu yako inakufa netiwaki, asubuhi akaunti ni nyeupe. Kwa hiyo apu isitegemee meseji ya tarakimu peke yake. Ifungwe na simu yenyewe, yaani mtu akiingia kwa simu mpya hata akiwa na laini na pini bado kuwe na hatua nyingine, kidole, sura, au kwenda kwa wakala na ndaga muntu (kitambulisho cha taifa), na saa 24 za kwanza kwenye simu mpya asiweze kutuma kiasi kikubwa. Mtu mwenye haraka atalalamika. Mwache alalamike.

Weka na kitufe cha kufunga akaunti mara moja, kiwepo kwenye apu na kiwepo kwenye nyota ili mtu akiibiwa simu soko la Owino akimbilie kuazima katochi ya muuza soda afunge. Kisimuulize maswali kumi. Kufunga kuwe rahisi, kufungua ndio kuwe kugumu, nimeona benki imefanya kinyume.

Na hatari nyingine iko nyuma ambapo mteja haoni. Oktoba 2020 wezi waliingilia mfumo wa kampuni ya katikati inayounganisha benki na pesa za simu, na miamala kati ya benki na simu ikasimamishwa siku kadhaa nchi nzima. Apu yako inaweza kuwa nzuri kabisa na mlango wa jirani ukawa wazi. Kwa hiyo kwenye bajeti pawepo pesa ya watu wa nje kujaribu kuvunja mfumo mzima pamoja na ile miunganisho ya kampuni ya katikati, na hii pesa wakubwa ndio wanaikata kwanza kwa sababu haionekani kwenye skrini. Ipiganie hiyo kuliko rangi.

Apu isiombe vitu haivihitaji. Kwanini apu ya kuangalia salio inataka namba za watu wote kwenye simu yangu na picha zangu? Sheria ya kulinda taarifa binafsi iko tangu 2019, na watu wameshaumwa na zile apu za mikopo zinazopigia shangazi yako kumwambia unadaiwa. Mteja wa Busia akiona ombi hilo anakumbuka shangazi. Badala yake mwonyeshe kitu cha kumtuliza, mathalani watu wengi hawajui kwamba Mfuko wa Kulinda Amana unalinda mpaka shilingi milioni 10 za kila mteja kwenye kila benki, benki ikifa analipwa. Andika hilo chini ya salio kwa maandishi madogo. Sisi tulioona benki zinafungwa hapa, Crane Bank kwenye 2016 na 2017, tunalisoma hilo kila siku na tunalala.

Bei. Hapa nitakuwa mkali. Usitengeneze apu alafu ukaweka ada ya kuhamisha hela kubwa kuliko kwenda kaunta bure, nani atakayeitumia? Wakubwa wanataka apu irudishe gharama mwaka wa kwanza kwa ada, na ndio namna ya kuiua. Faida iko kwenye lile buku la kwanza, zile saa tatu za keshia, na kwenye ile nusu ya hela ambayo mama wa Majanji hataitoa tena kwa sababu sasa anaweza kumlipa mwenye boti moja kwa moja. Hela inayolala kwenye akaunti ndio benki inakopesha. Salio liwe bure, steitimenti iwe bure, kulipa shule iwe bure ukiweza, na mengine yawe chini ya bei ya ejenti wa simu hata kwa shilingi mia.

Uzinduzi. Msifanye ule wa hoteli na fulana na keki. Anzeni na tawi moja, na ndani ya tawi anzeni na wafanyakazi, mishahara yao isomwe kwa apu miezi miwili, kama wenyewe wanaikwepa kwanini mteja asiikwepe. Pelekeni maombi Benki Kuu mapema maana mkisubiri wiki ya mwisho mtazindua mwaka mwingine. Kisha fundisheni afande wa mlangoni, nasema kweli, huyo ndio mtu wa kwanza mteja anamuuliza, akijua kusema mama salio unaweza kuangalia hapa kwenye simu yako kaa niite kijana akuonyeshe, ameshafanya kazi ya matangazo ya redio ya mwezi. Kusajiliwa kuishie pale pale dakika tano, mtu asirudishwe nyumbani kusubiri meseji. Na kijana anayemsaidia asimshikie simu akambonyezea, amwachie abonyeze mwenyewe hata kama anachelewa, kwa sababu akimbonyezea kesho atarudi tena foleni.

Usihesabu waliopakua. Kupakua mtu anapakua akiwa amesimama pale na afande anamtazama. Hesabu walioingia mwezi wa pili bila kuitwa, na baada ya miezi mitatu rudi kwenye ile meza ya kastama kea na kaunta buku mpya, wiki mbili, mistari ile ile mitatu. Kama kurasa za salio zimepungua nenda kwa wakubwa na mabuku yote mawili uyaweke mezani pamoja. Kama hazijapungua usianze kulaumu wateja, kaa nao umtazame mmoja akitumia, utaona amekwama wapi, mara nyingi ni kwenye pasiwedi, wanataka herufi kubwa na namba na alama kutoka kwa mtu ambaye maisha yake yote ametumia pini ya tarakimu nne.

La mwisho nimelisahau mpaka sasa na ndio limewachoma SACCO mbili ninazozifahamu. Ile akaunti ya Play Store ambayo apu inawekwa ifunguliwe kwa jina la benki au SACCO yenyewe, kwa barua pepe ya ofisi, na zile funguo za kusainia apu zikae kwenu kwenye sefu, sio kwenye laptopu ya kijana mliyempa kazi. SACCO moja kijana alipata kazi Dubai akaondoka, namba haipatikani, Android ikabadilika, apu ikaanza kujifunga kila ikifunguliwa, na hakuna mtu wa kuipandisha upya. Ikabidi watengeneze nyingine kwa jina jingine na kuwaita wanachama wote, mmoja mmoja, waje ofisini wapange foleni waisajili upya.